Nukta Tatu za Senje

Ramani ya kwanza niliyotengeneza ilidai kwamba mukombero unamea katikati ya mji wa Kakamega, nyuma ya soko, pale wanapouza mitumba. Niliitazama kwenye kompyuta nikacheka peke yangu. Mukombero mjini upo, ndiyo, lakini ni ule uliokwisha kung'olewa, mizizi iliyofungwa mafungu mafungu ambayo wachuuzi hutembeza ili watu watafune. Mmea wenyewe hutambaa juu ya miti kutafuta mwanga, na unataka kivuli na unyevu. Haumei kwenye lami.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza ya maana. Mradi wetu mdogo ulitaka kujua mukombero wa porini umebaki wapi katika kaunti, maana watu walikuwa wanauchimba kwa kasi kuliko unavyoota. Aliyeongoza ni mwalimu wangu wa zamani, mtaalamu wa mimea, mama wa makamo asiyepaza sauti hata akikasirika. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unakusanya nukta, yaani kila mahali ambapo mtu aliwahi kuuona mmea. Unaipa kompyuta nukta hizo pamoja na habari za mvua, joto, udongo na mwinuko. Kompyuta inajifunza mmea unapenda mahali pa namna gani, kisha inapaka kijani kila mahali panapofanana na hapo. Palipo kijani, huenda upo. Palipo peupe, usijisumbue.

Nukta zetu nyingi zilitoka kwenye mimea iliyokaushwa zamani na kubandikwa kwenye karatasi. Baadhi ya karatasi hizo ziliandikwa neno moja tu, "Kakamega", na mtu fulani kabla yangu alikuwa ametafuta Kakamega kwenye ramani na kuweka nukta katikati ya mji. Ndiyo maana mukombero ukaota kwenye mitumba. Niliifuta nukta ile. Nikaona nyingine mbili zimekaa vibaya, nikazifuta pia. Nikafuta na zile zilizokuwa zimesongamana kando ya barabara. Kila nilipofuta, ramani ilipendeza zaidi, na mimi nikaendelea hadi ikawa nzuri. Sikuandika popote nilichofanya.

Mwalimu aliipenda. Tukaichapisha kwenye karatasi kubwa, na Jumamosi moja nikaikunja na kwenda nayo kwa senje wangu.

Senje ni dada wa baba. Alizaliwa Matungu kama mimi, akaolewa karibu na msitu, na tangu mumewe afariki anaishi pale na ng'ombe wake wawili na shamba la chai. Anautafuna mukombero tangu utotoni. Akipalilia, kipande kinakaa shavuni siku nzima. Nilidhani atafurahi.

Aliitandaza ramani juu ya meza, akavaa miwani, akaifuata kwa kidole.

"Lugari ni wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Palikuwa kijani tupu.

"Nani alikuambia mukombero inameanga Lugari? Huko ni mahindi mpaka macho yachoke. Itapanda juu ya nini? Juu ya hindi?"

"Kompyuta imeangalia mvua na udongo, Senje. Inasema panafaa."

"Kompyuta imefika Lugari?"

Kidole chake kilikuwa kimeshuka hadi kwetu nyumbani.

"Na Matungu mbona nyeupe?"

"Matungu ni miwa, Senje. Hakuna mtu amewahi kuandika kwamba aliuona huko."

"Hakuna mtu ameandika," alisema pole pole, akivua miwani. "Kwa hivyo hakuna."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Kisha akaikunja ramani yangu kwa adabu, akanirudishia, akaniambia nivae viatu vya matope.

Mahali pa kwanza aliponionyesha mukombero palikuwa ukingoni mwa mto, chini ya shamba lake, ambapo mteremko ni mkali na hakuna anayelima. Pa pili palikuwa kwenye pembe ya msitu, dakika chache tu kutoka nyumbani kwake. Mahali pa tatu tulipaendea wiki iliyofuata, na ndipo paliponishtua, kwa sababu palikuwa nyumbani. Kwetu Matungu miwa imefika karibu na milango ya nyumba, lakini kichaka cha makaburi ya ukoo hakuna aliyethubutu kukilima. Babu yuko hapo, na nyanya, na watoto wao wawili waliofariki kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimepita kando ya kichaka kile maisha yangu yote nikienda kuchota maji. Senje aliingia akainamisha tawi, akachuma jani pana lenye umbo la moyo, akalivunja. Maziwa meupe yakachuruzika.

"Huyu hapa," alisema. "Alikuwanga kila mahali hapa, kabla ya miwa."

Alipiga magoti akachimba kando ya shina kwa kijiti hadi harufu ikatoka, ile harufu tamu inayokwaruza pua kidogo. Alikata mzizi mmoja tu. Akarudisha udongo, akaushindilia kwa kiganja, akatawanya majani makavu juu yake.

"Unachukua mmoja, unaacha wengine. Halafu unaondoka kama hukukuja."

Nilikuwa nimeshatoa simu.

"Unafanya nini na hiyo?"

"Nachukua nambari za mahali, Senje, kama nilivyofanya kule kwingine. Ni za ramani tu."

"Hapa pasitoke mdomoni mwako. Hapa na kule kwingine. Wachimbaji wakijua, hawataacha hata mchanga."

"Hapatatoka."

"Apa."

Niliapa mbele ya kaburi la babu.

Nukta zile tatu zilibadilisha kila kitu. Na kwa sababu ya swali lake juu ya kitu cha kupandia, niliongeza pia habari za miti iliyosalia. Ramani mpya ikapunguza kijani cha Lugari kikabaki madoa madogo, na upande wa Matungu, uliokuwa mweupe kabisa, ukapata michirizi myembamba kufuata mito na vichaka. Nukta moja ya makaburini ndiyo iliyoifundisha kompyuta kwamba nchi ya miwa haikuwa tupu. Mwalimu aliniuliza nilivyoipata. Nikasema shangazi yangu alinionyesha. Sikutaja kiapo.

Tuliandika ripoti fupi, tukaweka ramani. Baada ya muda nikapata barua pepe kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa kike huko Uganda. Kwao mmea huuhuu wanauita mulondo, naye alitaka kutengeneza ramani kama yetu kwa upande wao, akaanza kwa kujaribu kuirudia yetu. Aliandika kwa heshima sana: "Nimefuata maelezo yenu mara nne, lakini sipati ramani kama yenu. Naomba data na hatua zote, huenda nimekosea mimi."

Niliona ni jambo la asubuhi moja. Nikafungua kompyuta ili nirudie ramani yangu mwenyewe, nimwandikie hatua. Haikutoka. Ilitoka ramani nyingine, yenye kijani mahali pasipokuwa na kijani. Nikajaribu kufuta nukta nilizodhani nilizifuta mwanzoni. Ikatoka ya tatu. Siku mbili nzima nilikaa pale, na jioni ya siku ya pili nikaelewa kwamba mwanafunzi yule hakuwa amekosea. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuitengeneza ramani ile tena, hata mimi.

Nilimwendea mwalimu.

"Ulifuta nukta ngapi?" aliuliza.

"Sijui."

"Kwa nini ulizifuta?"

"Moja ilikuwa sokoni. Nyingine zilionekana mbaya."

"Zilionekana mbaya kwa sababu zilikuwa mbaya, au kwa sababu ziliharibu ramani?"

Nilitazama sakafu. Yeye alizungusha kalamu.

"Basi ile haikuwa ramani yetu," alisema mwishowe. "Ilikuwa bahati yetu. Rudi mwanzo. Kila utakachofanya, kiandike, na kila utakachotupa, useme kwa nini umekitupa."

Nitakiri kwamba miezi iliyofuata niliifurahia kuliko nilivyotarajia. Sikufuta kitu tena kwa mkono. Niliandika amri moja moja kwenye faili, kwa mpangilio, na kando ya kila amri nikaandika sababu kwa lugha ya kawaida: nukta hii imeondolewa kwa sababu karatasi inasema Kakamega tu na haisemi wapi, hizi zimepunguzwa kwa sababu wakusanyaji walitembea barabarani, si kwa sababu mmea unapenda barabara. Hata pale ambapo kompyuta hubahatisha, niliandika nambari inayoifanya ibahatishe vilevile kila mara. Nilipomaliza, nilifuta ramani yote, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, ilikuwa imejichora upya, ileile. Nilisikia raha ambayo sijui nilinganishe na nini. Ni kama kuulizwa swali na kugundua kwamba huna la kuficha.

Lakini nilikuwa nalo. "Weka faili zote kwenye tovuti," mwalimu aliniambia. "Data, amri, sababu. Mtu wa Uganda abonyeze apate tulichopata." Nilipofika kwenye mistari mitatu ya nukta za Senje, nilikikumbuka kiapo. Ningeweza kumwambia mwalimu hapo hapo. Alikuwa chumba cha pili. Lakini nilikuwa nimetoka kuaibika mbele yake kwa kosa moja, na sikutaka kuingia na la pili. Nikajiambia kwamba nambari ni nambari tu. Nani atakaa asome jedwali la tarakimu ili aende Matungu? Nikaweka kila kitu.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi nikiwa kazini, Senje akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Babako amenipigia. Wamechimba makaburini."

Nilifika Matungu saa sita. Baba alikuwa amesimama nje ya kichaka, mikono nyuma, na Senje alikuwa ndani. Mashimo yalikuwa matano. Mashina yalikuwa yamekatwa kwa panga na kutupwa juu ya miwa ya jirani, majani yameanza kusinyaa. Shimo moja lilikuwa limeingia chini ya kaburi la nyanya, na upande mmoja wa udongo ulikuwa umebonyea. Senje alikuwa amepiga magoti akirudisha udongo kwa mikono, akiushindilia kwa kiganja. Nilipiga magoti kando yake, tukafukia pamoja. Nilisikia baba akimweleza jirani kwamba ni watu wa pikipiki, walionekana juzi, hakuna aliyewajua.

Tulipomaliza, nikamwambia Senje pale pale. Nilimweleza kuhusu tovuti, jedwali, mistari mitatu. Hakuelewa mara moja, ikabidi nirudie.

"Watu wangapi wanaweza kuona?"

"Yeyote mwenye intaneti."

"Wangapi wameona?"

"Najua mmoja tu. Wengine siwezi kujua."

"Kwa hivyo ni wewe, au si wewe."

"Sijui, Senje. Wachimbaji wako kila mahali siku hizi. Pengine wangefika tu. Lakini sijui."

"Na hutajua."

"Sitajua."

Alipangusa viganja kwenye leso. Niligundua kwamba nilikuwa nikingoja anipige. Nadhani ningefarijika.

"Unajua kinachoniuma?" alisema. "Kama ungerudi ukaniuliza, pengine ningekubali. Ile ya mtoni ningekubali. Ulidhani mimi ni mtu wa kukataa tu."

Akatoka kichakani. Baba aliambiwa na yeye, si na mimi, na mpaka leo baba hajawahi kulitaja jambo lile mbele yangu.

Siku hiyohiyo nilienda kwenye duka la kompyuta la sokoni nikaiondoa mistari ile. Kisha nikamwandikia yule mwanafunzi, kwa sababu yeye alikuwa ameshapakua faili zote, nikamwomba azifute na nikamweleza kwa nini. Alijibu kabla sijatoka dukani. Alisema amefuta. Alisema pia kwamba alipoziona nukta zile alishangaa zilivyo sahihi, hadi kwenye hatua ya mguu, na alitaka kuniuliza kama wenyewe wanajua, ila aliona haya kumfundisha mtu aliyemsaidia. Mwishoni aliuliza: "Je, kuna njia ya mimi kurudia kazi yenu bila kujua mahali penyewe?"

Nilipomweleza mwalimu yote, pamoja na kiapo, hakunikaripia. Ila alikuwa na shaka. "Tukianza kuficha, tutaacha wapi? Tumetoka juzi kuaibika kwa sababu ya mambo yasiyoandikwa."

"Sitaki kuficha," nilimwambia. "Nataka tuseme kwamba tumeficha."

Jibu hilo halikumtosha, akataka kumwona mwenye nukta. Tulimwendea Senje pamoja. Nilimwogopa, lakini alitupokea, akampa mgeni kiti kizuri, akanipa mimi kigoda. Nilieleza nilichofikiria: badala ya nukta, tuonyeshe mraba mkubwa wa kilomita nyingi, wenye vijiji kadhaa ndani, na kompyuta ifanye kazi kwa miraba hiyo. Ramani itakuwa na ukungu kidogo, lakini mtu yeyote ataweza kuirudia. Na kwenye maelezo tuandike wazi. Nikamsomea sentensi niliyokuwa nimeiandaa: "Mahali halisi pa nukta tatu pamefichwa."

"Ngoja," Senje alisema. "Pamefichwa na nani?"

Nikaisoma tena sentensi yangu.

"Umeandika kama mahali pamejificha penyewe. Andika kwamba mwenye kupatunza amekataa. Andika amekataa kwa sababu gani. Na andika kwamba mtu akiwa na haja ya kweli, aje amuulize."

Mwalimu alitoa daftari akaandika maneno yake kama alivyoyasema. Alipomaliza alimsomea, na Senje akatikisa kichwa kukubali. "Na ile ya mtoni," aliongeza, "weka yote. Mteremko ule mtu akishuka kuiba atavunjika miguu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka mbele yangu tangu siku ya makaburini.

Kwa hiyo ripoti yetu ina nukta moja kamili ya Senje, na miraba miwili, na aya nzima ya maneno yake bila jina lake. Michirizi ya Matungu imepanuka ikawa mabaka, kwa sababu kompyuta haijui tena kama mmea uko kichakani au katikati ya miwa, nasi tumeandika hivyo. Wapo waliotuambia kwamba ramani ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa nzuri, kweli.

Mwanafunzi wa Uganda alibonyeza kule kwao akapata tulichopata. Alinitumia picha mbili, yake na yetu, na nikazitazama kwa zamu nikishindwa kujua ipi ni ipi. Chini yake aliandika kwamba amesoma amri zangu moja baada ya nyingine, na katika mmoja wa mistari ya mvua nilikuwa nimechukua miezi isiyo sahihi. Alisema kweli. Kama nisingeandika, asingeona. Nilirekebisha, nikaandika nani aliligundua kosa hilo, na kijani kikasogea kidogo upande wa Butere.

Makaburini, mashina mawili kati ya yaliyokatwa yamechipua. Matatu hayakuchipua. Baba amepanda mstari wa miti mbele ya kichaka, na mimi nikienda nyumbani naingia kwanza kulitazama kaburi la nyanya, ambalo limeanza kuota nyasi upande uliobonyea.

Mwaka jana mwanafunzi yule alikuja mwenyewe, akiwa na haja ya kweli, kama tulivyoandika. Nilimpeleka kwa Senje. Walikaa jikoni wakibadilishana maneno, huyu akisema mulondo, huyu mukombero, huyu akieleza jinsi kwao wanavyoukausha, huyu akisema kwetu unaliwa mbichi. Mgeni hakuuliza chochote kuhusu mahali. Maji ya obusuma, ugali wetu, yalipochemka, Senje alisimama, akachukua fimbo yake, akamwambia mgeni, "Twende nikuonyeshe kitu."

Nami nikasimama, nikaanza kutafuta viatu.

"Wewe baki usonge," Senje aliniambia, akinikabidhi mwiko.

Niliwaona kupitia dirishani wakishuka, Senje mbele, mgeni nyuma akiinua sketi yake isishike umande wa chai. Kwenye njia panda walipinda upande ambao hauelekei mtoni wala kwenye pembe ya msitu ninayoijua. Ulikuwa upande ambao sijawahi kupelekwa. Nikamimina unga, nikasonga. Waliporudi, viatu vyao vilikuwa na udongo mwekundu, na walikuwa wakizungumza kuhusu bei ya ng'ombe wa maziwa huko Uganda. Niliwapa maji ya kunawa, tukala, wala sikuwauliza walikotoka.